Skii za Theluji ya Unga na Jinsi ya Kuzichagua

Muhula uliopita wanafunzi watatu wa kidato cha pili walinijia na picha iliyokatwa katika gazeti. Ilionyesha watu wawili wakitelemka mlimani juu ya theluji, kila mmoja amesimama juu ya mbao mbili. Mbao za wa kwanza zilikuwa nyembamba kama rula ndefu. Za wa pili zilikuwa pana, na ncha zake zimepinda kwenda juu mithili ya ncha ya mbele ya mtumbwi. Wakaniuliza, "Mwalimu, mbona hawa hawakununua mbao za namna moja? Huyu wa pili amemzidi mwenzake fedha, au amezidiwa?" Niliwajibu kwa maneno machache, maana kengele ilikuwa imekwisha lia, nao hawakuridhika. Mhariri wa gazeti letu alipopata habari alinitaka niandike jibu lililo kamili, na hili ndilo.

Najua wako wazazi watakaosoma kichwa cha habari hii wakacheka. Hapa Lundo hatuna theluji, wala babu zetu hawakuwa nayo. Baridi yetu kubwa ni ile ya Juni na Julai, tena kwa kuipata sawasawa yatupasa kupanda Umatengo, ambako watu huota moto asubuhi. Lakini vijana wa pwani hii ya Nyasa wamekwisha kwenda masomoni katika nchi za baridi, na wengine watakwenda. Mimi nilikaa Innsbruck, nchini Austria, majira mawili ya baridi. Huko mgeni hualikwa mlimani na rafiki zake kabla hata hajajua kutembea vizuri barabarani penye barafu. Hupelekwa dukani, akaonyeshwa ukuta mzima wa mbao, akaulizwa, "Wataka zipi?" Asiyejua huchagua kwa rangi. Na kwa kuwa theluji ya mlimani huua watu kila mwaka, si jambo la kucheka sana.

Mbao hizo huitwa skii, nami nitaziita hivyo, ingawa siku hizi si mbao tupu. Ndani mna kiini cha mti, kimefunikwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Chini mna plastiki laini ipakwayo nta ili iteleze. Na pembeni, toka mbele hata nyuma, mna makali ya chuma. Kiatu kigumu hubanwa katikati ya skii kwa kifungo chenye springi. Hicho kifungo nitakirudia.

Theluji yenyewe yataka maelezo, maana kwa lugha yetu twaelekea kuita kila kitu cheupe na cha baridi "barafu" tukaishia hapo. Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei, 1848, yule kiongozi wake wa njia aliueleza weupe ule kwa neno moja tu, "baridi"; wengine katika siku hizo walidhani kileleni kuna fedha. Basi tutofautishe. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa gumegume, kama yale yatokayo katika friji. Theluji ni vipande vidogo sana vya barafu vilivyoundwa mawinguni, vyenye matawi kama nyota, ambavyo huanguka polepole na kulala juu ya vingine bila kubanana. Kati yake hujaa hewa. Ikiwa baridi ni kali na upepo umetulia, theluji mpya hulala nyepesi na kavu, ukiipuliza yaruka kama unga wa muhogo kinuni. Hiyo ndiyo theluji ya unga.

Mita moja ya ujazo ya maji ya ziwa letu ina uzito wa kilo 1,000. Mita moja ya ujazo ya theluji ya unga iliyoanguka usiku wa leo huwa na kilo 50 mpaka 100 tu. Maana yake, sehemu tisa katika kumi au zaidi ni hewa. Mtu akiikanyaga kwa viatu huzama mpaka magotini, pengine mpaka kiunoni, na kila hatua humlazimu kuuchomoa mguu kama atokaye topeni. Lakini theluji iyo hiyo ikishindiliwa kwa mashine, kama wafanyavyo usiku katika milima yenye watalii, huwa ngumu kama barabara ya udongo iliyosindikwa. Ikiyeyuka mchana na kuganda tena usiku huwa karibu na kioo. Mlima mmoja, kwa hiyo, waweza kuwa na sakafu tatu tofauti kwa siku moja, na skii nzuri kwa sakafu hii yaweza kuwa mbaya kabisa kwa ile.

Sasa tufanye hesabu ndogo, nawaomba wa kidato cha kwanza wasiiruke. Katika somo la fizikia mnajifunza kanieneo: uzito ukigawanywa kwa eneo unalolikalia. Mtu wa kilo 80, pamoja na nguo zake, akisimama kwa mguu mmoja juu ya kiatu chenye urefu wa sentimeta 30 na upana wa 10, uzito wake wakaa juu ya sentimeta za mraba 300. Kila sentimeta ya mraba yabeba gramu 267 hivi. Mpe sasa skii nyembamba za barabara ngumu, urefu sentimeta 170 na upana wa wastani 8.5. Mbili kwa pamoja zina sentimeta za mraba 2,890, na kila moja yabeba gramu 28 tu. Mpe tena skii za theluji ya unga, urefu 185 na upana wa wastani 12.5. Mbili zina 4,625, na kila sentimeta ya mraba sasa yabeba gramu 17. Huyu mtu hakupungua hata kilo moja, lakini theluji yamwona kuwa ni mwepesi mara kumi na tano kuliko alipokuwa kwa mguu.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la wale watoto watatu. Mwenye skii pana alikuwa amejitayarisha kwa theluji ya unga, na mwenye nyembamba kwa ile iliyoshindiliwa. Fedha haikuhusika.

Lakini ngoja kidogo, hesabu hii yatuambia na jambo la pili ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Mchukueni mwanafunzi wa kilo 50 mkamweke juu ya zile skii nyembamba, zile zile za sentimeta za mraba 2,890. Gawanyeni. Mtapata gramu 17, sawasawa na yule mtu mzima wa kilo 80 juu ya skii zake pana! Kwa hiyo binti mwembamba asikubali kuuziwa mbao kubwa za kaka yake kwa sababu tu zimeandikwa kuwa ni za theluji ya unga. Zitamwelemea, hataweza kuzigeuza. Wa kwanza kupimwa katika duka la skii ni mtu, kabla ya mbao, na muuzaji asiyekuuliza uzito wako ni afadhali umwache ukaenda duka la pili.

Eneo peke yake, hata hivyo, halitoshi kueleza kwa nini mtelezaji haonekani kuzama. Akisimama kimya juu ya skii pana bado huzama kiasi. Akianza kwenda kasi huinuka. Jambo hili watoto wa Lundo walijua kabla ya kuingia shule. Nani kati yetu hakusimama ufukoni jioni akarusha kijiwe bapa juu ya maji yaliyotulia, kikaruka mara tano, mara sita, halafu kikazama mwendo ulipokwisha? Jiwe ni zito kuliko maji, lakini likiwa bapa, likiwa na kasi, na upande wake wa mbele ukiwa umeinuka kidogo, maji hulisukuma juu. Theluji ya unga hufanya vivyo hivyo kwa skii. Na kama vile mtoto aliye hodari huchambua vijiwe kwanza, akatupa vya mviringo na vinene, ndivyo na sisi tuchambue skii kwa umbo lake.

Tuanze na ncha. Zamani, na hata leo kwa skii za barabara ngumu, skii ikilazwa mezani hugusa meza karibu na ncha zake mbili tu; katikati huinuka kama mgongo wa upinde. Ukisimama juu yake, mgongo hunyooka, na makali ya chuma hukandamiza theluji kwa usawa toka mwanzo hata mwisho. Hilo lafaa sana penye ugumu, maana skii hushika isiteleze kando. Penye unga ni taabu: ncha ya mbele hujichimbia chini, skii husimama ghafla, na mwenyewe huendelea na safari kwa kichwa. Skii ya unga imetengenezwa kinyume. Ncha yake huanza kuinuka mapema, labda sentimeta 30 au zaidi kabla ya mwisho, kwa mpindo mrefu wa taratibu. Nyingine hata mkia wake umeinuka. Mtazame fundi anayechonga mtumbwi: haichi ncha ya mbele ikatae maji kwa ukuta uliosimama wima, huilaza ili ipande wimbi.

Njia ya kuutambua mpindo huo dukani ni rahisi nayo haihitaji kumwuliza mtu. Chukua skii zote mbili, ziweke tumbo kwa tumbo, zibane katikati kwa mkono, kisha utazame zinapoachana. Zikiachana karibu kabisa na ncha, hizo ni za barabara ngumu. Zikiachana mapema na kuacha mwanya mpana kama mdomo wa mamba, hizo ni za unga. Kisha shika ncha ya mbele ukaikunje kwa mkono: ya unga hukubali, ya mashindano hukataa. Ulaini huo wa mbele ni mzuri, lakini mtu mzito au aendaye kasi asichague iliyo laini mpaka katikati, maana itamkunjika chini ya miguu kama mkeka.

Upana hupimwa mahali palipo pembamba, chini ya kiatu, na huko hupaita kiuno. Hesabu yake huandikwa kwa milimeta juu ya skii yenyewe. Za barabara ngumu huwa na kiuno cha milimeta 65 mpaka 80. Za kuchanganya hali zote huwa 85 mpaka 100. Za unga mtupu huanzia 105 hivi na kufika 120 na kupita. Urefu nao huongezeka: mtu wa sentimeta 175 atachagua 165 au 170 kwa barabara ngumu, lakini kwa unga aghalabu 180 au 185, hata skii ikiwa imesimama karibu naye imzidi paji la uso. Asiogope urefu huo, kwa sababu ncha zilizoinuka hazigusi chini anapogeuka penye ugumu, na skii humjia mkononi kama fupi.

Mambo haya yote hayakujulikana siku moja. Kiuno chenyewe, yaani kuifanya skii iwe nyembamba katikati na pana kwenye ncha ili igeuke kwa urahisi, hukumbukwa pamoja na jina la Sondre Norheim, mtu maskini wa kijiji cha Morgedal, mkoa wa Telemark, Norwei, aliyezaliwa mwaka 1825. Yeye pia alifunga kisigino kwa fimbo laini za mti zilizosokotwa, ili skii isimponyoke akiruka. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada yake watu walishuka milima yenye theluji ya unga kwa mbao ndefu, nyembamba na ngumu, nao walihitaji miaka mingi ya kujifunza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Rupert Huber wa Austria, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Atomic, alitengeneza skii pana mno kwa kadiri ya siku zile. Husimuliwa kwamba alianza kwa kupasua kwa msumeno ubao mmoja mpana wa theluji, ule ambao mtu husimama juu yake kwa miguu yote miwili, akapata mbao mbili. Mabingwa walizicheka. Wakaziita mbao za wazee, maana wazee ndio waliozipenda, kwa kuwa ziliwaepusha na kuchoka.

Aliyeugeuza ucheshi huo kuwa elimu ni Shane McConkey, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi yake Marekani. Alijiuliza swali la mtoto: ikiwa theluji ya unga ina tabia ya maji, mbona twaikanyaga kwa mbao za nchi kavu? Akazitazama skii za majini, zile ambazo mtu huvutwa nazo nyuma ya motaboti, akaona kwamba hazina mgongo wa upinde wala kiuno. Hata akazifungia vifungo vya viatu akatelemka nazo milima ya theluji huko Alaska. Mwaka 2002 kampuni ya Volant iliuza skii aliyoibuni, iitwayo Spatula. Ilikuwa imepinda kama ndizi, ncha zote mbili juu, tena pana katikati kuliko pembeni! Penye ugumu ilikuwa karibu haifai kitu, na McConkey mwenyewe alilisema hilo waziwazi. Penye unga iliwashangaza wote. Skii za unga za leo, hata zilizorudishiwa kiuno, ni wajukuu wa hiyo ndizi.

Msomaji atauliza kama watu wetu wamo katika habari hizi. Wamo, ingawa theluji yao haikuwa ya unga. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kutelemka sehemu ya mlima kwa skii, na kipande cha barafu kilicho juu ya Kilimanjaro kina jina la Furtwängler hata leo. Mwaka ule barafu yote ya mlima ilikuwa kilomita za mraba 12 hivi. Ilipopimwa mwaka 2007 haikufika 2. Mtanzania anayetaka kujifunza kuteleza asiweke tumaini lake pale. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya mzaliwa wa sehemu za Eldoret, alipelekwa Finland kufundishwa, na mwaka 1998 alishindana katika Michezo ya Olimpiki ya baridi huko Nagano, Japani. Alifika wa mwisho katika kilomita 10, dakika 20 hivi nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norwei aliyeshinda, naye Dæhlie akamngoja mwishoni ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Skii zake zilikuwa za kukimbilia njia iliyochongwa tayari, upana wake hauzidi vidole vitatu; umwingize nazo katika unga, azame.

Mwaka 2018, huko Pyeongchang, Korea Kusini, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, alikuwa Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki kwa kutelemka milima. Yeye skii zake zilikuwa za mashindano, ndefu kupita mita mbili na kiuno chembamba, maana njia za mashindano hunyunyiziwa maji makusudi zigande kama jiwe. Na ndugu zetu walioko Ghuba, ukitaka kujua, wana mlima wa ndani ya nyumba huko Dubai tangu mwaka 2005, wenye mteremko mrefu kabisa wa mita 400. Theluji yake hutengenezwa na mashine na hukanyagwa na maelfu. Akupeleke huko mtu na skii za milimeta 120, atakuwa amekuvalisha mabuti ya mvua kucheza mpira.

Hapo nimefika kwenye shauri langu, ambalo si wote watakubaliana nalo. Magazeti ya michezo husifu skii pana sana, na vijana huzitamani. Lakini unga haudumu. Ukianguka usiku, saa nne ya asubuhi mlima uliojaa watu umekwisha kuvurugwa, na jioni umekuwa vigongo. Skii pana penye ugumu huchelewa kuinuka juu ya makali yake, kwa sababu makali yako mbali na mstari wa mguu, na nguvu ya kuyainua hutoka gotini. Mgeni ambaye misuli yake haijazoea ataumwa na magoti siku ya pili. Kwa mtu wa kilo 70 au 80 anayeanza kuingia ungani mimi ningechagua kiuno cha milimeta 95 mpaka 105, ncha ya mbele iliyoinuka vizuri, katikati pawe na mgongo kidogo wa upinde. Mwepesi zaidi apunguze. Na akodi asinunue, angalau majira ya kwanza. Maduka ya mlimani hukubali ubadilishe jozi mchana ikiwa theluji imebadilika.

Nilisema nitakirudia kifungo cha kiatu. Springi yake hupimwa kwa namba, na fundi huiweka kwa kufuata uzito wako, urefu, umri, urefu wa soli ya kiatu, na ujuzi wako. Ikikazwa mno, siku utakapoanguka skii haitafunguka, na kilicho laini kati ya skii na mwili ni goti. Ikilegezwa mno itafunguka penye mteremko ambapo hukutaka. Usimdanganye fundi kuhusu ujuzi wako kwa ajili ya fahari. Wala usimwombe rafiki aikaze kwa bisibisi.

Lakini hatari kubwa ya theluji ya unga haimo katika skii, nayo huwapata zaidi wale waliochagua skii vizuri. Mbao mbaya humzuia mtu pembeni mwa barabara; nzuri humpeleka mbali, kwenye miteremko ambayo hakuna aliyeikanyaga. Theluji ya mlimani hulala kwa matabaka, jipya juu ya kuukuu. Kati yake huweza kuwamo tabaka dhaifu, chembe zisizoshikana, kama punje za mchele chini ya mkeka. Mtu akipita juu, uzito wake huvunja tabaka lile, na bamba zima la juu hupasuka na kuporomoka pamoja naye. Poromoko la namna hiyo hutokea hasa penye mteremko wa nyuzi 30 mpaka 45. Baadhi ya mashamba ya ngoro kule Umatengo yako katika miteremko inayokaribia ukali huo, kwa hiyo wanafunzi wa Mbinga wanaweza kuukadiria kwa macho. Mara nyingi anayelianzisha poromoko ni yule linayemfunika, au mwenzake. Theluji iliyokuwa nyepesi kama unga, ikisimama baada ya kuporomoka, hukaza kama saruji. Aliyezikwa hawezi kuinua hata mkono. Wenzake wakimfukua katika dakika kumi hadi kumi na tano za mwanzo, kuna tumaini jema. Baada ya hapo tumaini hupungua haraka sana, na kikosi cha uokoaji toka bondeni hakifiki kwa muda huo.

Ndiyo maana waendao ungani nje ya njia zilizolindwa huchukua vitu vitatu, kila mtu vyake: redio ndogo iliyofungwa kifuani ipelekayo na kupokea ishara, fimbo ndefu ya kukunja kwa kuchomea theluji, na koleo. Huko Tirol hutangazwa kila siku hali ya hatari ya maporomoko, kwa namba kuanzia 1 mpaka 5. Watu wengi hufa siku za namba 3, kwa sababu 3 husikika kama wastani, nao hutoka. Mgeni akialikwa kwenda nje ya njia, aulize namba ya leo, aulize nani amebeba koleo, na kama jibu ni kucheka, abaki kwenye njia iliyoshindiliwa na skii zake za unga, aonekane mshamba. Mimi nilibaki mara mbili.

Jambo la mwisho ni dogo, nami nalitaja kwa sababu wauzaji hulisahau. Ukianguka penye unga na kifungo kikafunguka kama inavyopasa, skii huzama na kwenda chini ya theluji umbali fulani, bila kuacha alama juu. Wenyeji hufunga utepe mrefu wa rangi kali, mita moja na nusu hivi au zaidi, kwenye kifungo cha kila skii na kuukunja ndani ya suruali juu ya kiatu. Skii ikiponyoka, utepe hubaki juu ya theluji. Anayetafuta bila utepe na aanzie juu ya mahali alipoangukia, achome kwa fimbo akikata mteremko toka upande huu hata huu, kila baada ya kiganja.